Fundo la Mbeleko ya Kaniki

Ya kale hayanuki, walisema wahenga, lakini mbeleko ile ilinuka maziwa. Kaniki iliyokaa sandukuni zaidi ya miaka mia, inanuka kama mama aliyetoka kunyonyesha sasa hivi! Catherine ndiye aliyeisikia harufu hiyo kwanza, akageuza uso. Kwao maziwa yalikuwa hayatajwi tangu wamzike mdogo wake wa wiki tatu.

Walikuwa wanafunzi sita wa darasa la saba, wakifundishwa na Mwalimu Oswald kutunza nguo za kale katika chumba cha makumbusho, Ujiji. Walivaa glavu, wakapangusa vumbi kwa brashi laini, uzi kwa uzi.

"Hatufui, hatufungui," Mwalimu aliwaonya kila siku. "Hilo fundo la pembeni alilifunga mama mwenye mbeleko hii, akiwa safarini na msafara wa kale. Liacheni."

Asiyesikia la mkuu, mnajua yanayomkuta. Catherine alitaka upande wake ung'ae kuliko wa wenzake. Mwalimu alipogeuka, akalifungua fundo. Kikadondoka kitu kidogo, kikavu, cheusi. Aliposikia hatua za Mwalimu zinarudi, alikitia mfukoni mwa sketi na kufunga fundo tupu.

Jioni ile mama yake, Angelina, aliinua kichwa jikoni.

"Unasikia? Analia."

"Nani, Mama?"

"Mwanangu." Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani.

Furaha ya mama ndiyo iliyomtisha Catherine. Aliyekuwa haongei sasa aliimba, "Hora, hora," yaani tulia, tulia kwa Kiha, akibembeleza kanga aliyojifunga mgongoni bila kitu ndani. Siku ya pili kanga ilikuwa imetuna. Siku ya tatu mama hakula, na mchana kweupe, jua likiwaka ziwani, Catherine akasikia kilio chembamba kikitoka ndani ya kanga ile, akaona kitambaa kikisukumwa kwa ndani na kisigino kidogo, na mama akizidi kuinama, akizidi kukonda, akicheka, mpaka vidole vyake vikakaribia kugusa sakafu.

Alikimbia kwa Mwalimu, akakiri yote. Mwalimu hakumgombeza. Alimpeleka kwa Bibi Yasmini, mganga wa majini.

Bibi alikitazama kile kitu kiganjani, machozi yakamtoka.

"Hiki ni kitovu cha mtoto mchanga. Alifia njiani, mama yake akakibeba akakizike kwao. Hakufika. Sasa mtoto kapata mgongo, hatateremka mpaka ammalize mama yako."

"Kwao ni wapi, Bibi?"

"Nani anajua? Kizike kwenu, pawe kwao. Ukizike wewe uliyelifungua fundo. Ila ujue, mjukuu wangu, mama yako atafiwa mara ya pili."

Catherine alisita. Nani asingesita? Alichimba kwa mikono chini ya mchikichi nyuma ya nyumba yao, akilia, huku sauti ya mama ikitoka ndani: "Catherine! Mdogo wako ana nini? Mbona analia hivi?"

Akafukia. Kilio kikakatika.

Alipoingia, kanga ilikuwa sakafuni, imelala bapa. Mama alikuwa amenyooka. Akapakuliwa ugali na dagaa, akala, macho yakizunguka chumbani.

"Mdogo wako yuko wapi?" alinong'ona.

Catherine aliiokota kanga, akaikunja.

"Amelala, Mama," akasema. "Tusimwamshe."