Rimoti ya Susu

Nthenya alishuka kununua maziwa ya paketi kwenye kioski cha chini, giza likianza kuingia Kabiria. Alimwacha bintiye wa miaka sita, Mbithe, akichora sakafuni, na runinga ikionyesha mambo ya kilimo. Aliporudi, runinga ilikuwa kwenye katuni.

Mbithe alikuwa mlangoni pa chumba cha nyuma, mkono kwenye kitasa.

"Mami, susu ananiita."

Susu, nyanya yake, aliyemzaa Muindi, mume wa Nthenya, alikuwa amezikwa Machakos wiki mbili zilizopita.

Kiharusi kilikuwa kimempooza mwili mzima na kumfunga mdomo, kikamwachia kidole gumba tu. Basi fundi Kuria akawaletea visanduku viwili. Kimoja kilikaa sebuleni kando ya king'amuzi, kikirusha picha bila waya. Cha pili kiliipokea chumbani kwa mgonjwa, na kurudisha sebuleni kila alichobonyeza kwenye rimoti. King'amuzi kilikuwa kimoja, kwa hivyo akibadilisha chaneli kule, huku nako inabadilika. Nyumba nyingine wangegombana. Susu yeye alipata mdomo. Akiweka taarifa ya habari, anataka chai. Akiweka kwaya, anaumwa, njoo unigeuze. Akiweka katuni, niletee mjukuu wangu.

Nthenya alimgeuza na kumnywesha miaka miwili, na siku ya mazishi hakutoa chozi. Majirani wakasema ana moyo wa jiwe. Wangejua! Mwenyewe alikuwa akijifinya mkono kuona kama bado anasikia kitu.

Chumba kilifungwa vilevile, rimoti juu ya godoro, kisanduku kikiwa bado kwenye umeme. Vitu vya marehemu havikuguswa hadi wazee wa ukoo waje kuvigawa. Ndivyo alivyoagiza Muindi.

Akampigia. Muindi alikuwa ameshaingia kazini, kwenye geti analolinda Lavington.

"Mama Mbithe, usiingie huko, tafadhali. Wazee wanakuja Jumamosi."

"Na mtoto anaitwa, nifanye nini?"



"Pigia fundi."

Fundi Kuria alicheka. "Hiyo ni ya jirani, mama. Kuna mtu hapo juu amenunua kama yako, sasa zinaingiliana. Hapo nyuma ya kisanduku cha sebuleni kuna swichi. Iko kwa A, weka B."

Nthenya akaweka B, akarudisha kipindi cha kilimo. Kikatulia. Akahakikisha mlango wa chumba cha nyuma umefungwa, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kumchemshia mtoto maziwa. Maziwa matupu, maana Mbithe hanywi chai. Hata harufu yake humtapisha.

Sufuria ilianza kuvuma... Kisha akasikia harufu. Dawa ya kuchua. Ile aliyompaka kikongwe mgongoni kila jioni.

Sebuleni, katuni zikaanza kucheka.

Alikimbia, akang'oa plagi ya runinga ukutani. Kioo kikawa cheusi.

Kicheko hakikukoma.

Kilitoka nyuma ya mlango wa susu. Penseli za Mbithe zilikuwa sakafuni, Mbithe hayupo. Nthenya akagusa mfuko. Ufunguo ulikuwemo. Mlango ulikuwa wazi, upana wa mtoto.

Alipoingia, sauti ikakatika. Runinga ya chumbani ilikuwa imezimwa. Taa nyekundu ya kisanduku peke yake ndiyo iliyowaka, na kwa mwanga huo akamwona mwanawe amelala chali kwenye shimo la godoro, pale pale mwili wa susu ulipolibonyeza. Mdomo umevutwa upande.

"Mbithe? Mami yuko hapa."

Macho yalimtazama. Kidole gumba kikasogea juu ya rimoti.

Sebuleni, kwenye runinga isiyo na umeme, kwaya ikaanza kuimba.

Nthenya aliogopa. Kitu cha kwanza kukisikia tangu mazishi, na kilikuwa hofu. Alitaka kumnyakua mtoto na kukimbia, lakini mikono ilikuwa na mazoea yake. Mmoja uliingia chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, ikamgeuza ubavu taratibu. Alikuwa mzito. Mzito kama mtu mzima. Mtoto akashusha pumzi ndefu, yenye mkwaruzo, pumzi ambayo Nthenya aliijua.

"Mbithe," alinong'ona, "sema na mami. Neno moja tu."

Kidole kikasogea. Kwaya ikakatika, na sauti ya mtangazaji ikamkaribisha mtazamaji kwenye taarifa ya habari.

"Unataka maziwa, mwanangu? Maziwa yako yako tayari..."

Kidole kikabonyeza tena, kikashikilia. Sauti ya mtangazaji ikapanda, ikapanda, hadi vioo vya dirisha vikatetemeka.

Nthenya akarudi jikoni. Maziwa yalikuwa yamechemka. Akasimama mbele yake kidogo, halafu akayatia majani ya chai.