Mlango Mwembamba wa Gubbio

Ornella anakaa mlango unaotazamana na wangu hapa Ancona, pwani ya Italia, na kwa miaka kumi na tisa sijamsikia akizua jambo. Hata umbea haujui. Kwa hiyo akikwambia kitu, kipokee kama kilivyo.

Mwezi wa tano aliamua kumpeleka mama yake Gubbio, mji wa milimani, kwa siku mbili. Mama huyo, Elide, alifundisha uchoraji shuleni miaka thelathini na sita, na kwenye ukuta wa kanisa moja la kule amechorwa Bikira Maria ambaye Elide amempenda tangu usichana kwa kumwona kwenye postikadi tu. Sasa ana miaka themanini na moja, magoti yamekwisha, na daktari kaanza kumwangalia kwa huruma. Ornella alijua safari ni hii, hakuna nyingine.

Basi malazi yakamkosesha usingizi. Wiki mbili simu haimtoki mkononi. Hoteli yenye lifti ilikuwa chini kabisa, nje ya kuta, na Gubbio ni mji wa kupanda. Kwenye nyumba ya wageni ya masista palikuwa pasafi, lakini mpaka kanisani ni vichochoro vya mawe na ngazi tupu. Nyumba hii ina kelele, ile haina kiti bafuni. Kaka yake Ettore alimchoka.

"Wewe unatafuta chumba au unatafuta mume?" akamwuliza. "Chukua hoteli, mama apande lifti, yaishe."

"Hiyo lifti itamfikisha kanisani?"

Mwisho akaipata. Chumba, jiko na bafu juu ya duka la vyungu, katikati ya mji, hatua mia mbili hadi kwa Bikira, njia tambarare. Alikuja kunionyesha picha kwa furaha, na mimi nikamsifu. Mchagua nazi hupata koroma, lakini nani anakumbuka methali akiwa na furaha?

Walifika Ijumaa saa nane mchana, maduka yamefungwa, mji umelala. Mwenye nyumba, mtu wa Milano ambaye haonekani, alikuwa ametuma ujumbe: "Mlango mpana ni wa duka. Wageni tumieni ule mwembamba, nimeufungua upya." Ulikuwepo kweli, pembeni, mtu mnene asingepita, na kizingiti chake kiko juu usawa wa goti. Chokaa mbichi kandokando ilionyesha kwamba ulikuwa umezibwa. Ornella ni mtu wa pwani, kwao mlango ni mlango. Alichoona ni kero ya kizingiti tu.

"Mama, hapo utapandaje?"

"Kwa goti hili? Niache hapa hapa, kaniletee Bikira."

Wakacheka. Elide hafiki kilo arobaini na tano. Ornella akambeba mikononi, akampitisha ubavu ubavu, akampandisha ngazi na kumlaza apumzike. Akafungua madirisha, akaweka maji jikoni, akashuka kuchukua mkoba garini.

Ng'ambo ya kichochoro alisimama bibi mmoja, jirani, anaitwa Palmira. Alikuwa ameshika kitambaa cha mezani, makombo yanamdondoka miguuni wala hana habari.

"Yule mama uliyemwingiza, mgonjwa?"

"Magoti tu, bibi."

"Umembeba?"

"Ndiyo."

Bibi Palmira akavuka, akamshika mkono, akanong'ona. "Binti yangu, huo ni mlango wa maiti. Zamani nyumba nyingi hapa zilikuwa nao. Jeneza likishatoka unazibwa kwa matofali, kifo kisijue pa kurudia. Huyo wa Milano kaja kautindua, tumesema mpaka tumechoka. Wageni wamepita wengi na hawakudhurika, maana walipita kwa miguu yao. Mlango huo unamjua mtu wa kubebwa tu."

Ornella alitaka kucheka. Akaitazama ile chokaa mbichi.

"Maziko ya hapa hutoka saa tisa," bibi akasema. "Usimtoe kwa hapo. Na usimbebe tena, hata hatua moja. Nampigia Sante, mwenye duka. Ngazi ya jikoni inashukia kwake."

Ilikuwa saa tisa kasorobo. Ornella akapanda mbio, na mlango akaufunga kwa ufunguo nyuma yake. Anakumbuka vizuri jinsi alivyouzungusha.

Alikuwa amemwacha mama yake amejikunja ubavu. Sasa alilala chali, amenyooka, mikono imekutana kifuani.

"Mama, amka."

"Sema polepole," Elide akanong'ona. "Wanapanda."

Ngazi zililia. Nyayo. Hazikuwa za mtu mmoja. Zilipanda kidato kimoja kwa pamoja, zikatulia. Kidato kingine, zikatulia. Watu waliozoea mzigo. Chumba kikanuka nta ya mishumaa.

Ornella akakimbilia jikoni. Mlango wa kushukia dukani ulikuwa umepigiliwa misumari. Akaupiga ngumi. Akaita. Dukani bado hapana mtu.

Akarudi. Nyayo zilikuwa zimesimama kando ya kitanda. Hakuona mtu. Aliona godoro. Pale lilipobonyea chini ya mama yake palikuwa panajaa, polepole, kama unga wa mkate unaoumuka. Kisha mabega ya Elide yakaachana nalo. Upana wa kidole. Upana wa vidole viwili.

Ornella akamlalia kwa uzito wake wote.

"Niachieni mama yangu," alinong'ona. "Hajamwona hata Bikira wake."

Nyuma ya mlango uliopigiliwa nyundo ikaanza kulia. Mara ya tano mlango wa jikoni ukang'oka na misumari yake. Mwili mzima ulimwambia ambebe, akimbie. Mikono ilishapita chini ya magoti ya mama yake. Ndipo yakamjia maneno ya bibi. Akaitoa.

"Mama, tembea."

"Siwezi, mwanangu."

"Utatembea. Nakuomba. Tembea mwenyewe."

Elide akashusha mguu mmoja. Akalia. Akashusha wa pili, akajikokota mpaka ngazi ya jikoni. Sante alikuwa ameshuka, amesimama chini ya ngazi, pande la mtu, nyundo mkononi, akanyoosha mkono mwingine ampokee.

"Usimguse," bibi Palmira akamkemea kutoka dukani.

Elide alishuka vidato kumi na vitatu. Vinne vya mwisho alivishuka kwa makalio, machozi yanamtoka, na nyuma yake kila kidato alichokiacha kilikanyagwa. Akapita katikati ya vyungu akijishika kwenye rafu. Akatoka kwa mlango mpana. Kengele ya saa tisa ikamkuta juani.

Elide alimwona Bikira wake saa hiyo hiyo. Alikaa mbele yake dakika arobaini, akashukuru, na jioni walikuwa wamesharudi Ancona. Ornella alilia kwangu kwa furaha, kisha akaenda kumwosha mama yake miguu.

Alimvua soksi, akaitia miguu kwenye beseni, akageuka kuchukua taulo. Alipogeuka tena, vidole gumba vya miguu vilikuwa vimefungwa pamoja kwa utepe mweupe wa pamba, kama afungwavyo maiti.

Elide hakushtuka. "Usiwalaumu," alisema. "Walishachimba."

Tangu hapo ni kila anapooshwa miguu. Wamehama chumba, wamemwita padri, Ettore amekaa akikodoa macho mpaka yakamwuma. Inatosha mtu kupepesa.

Wiki iliyopita Ornella aliumwa mgongo, akaniomba mimi nimwoshe. Niligeuka kuchukua taulo tu. Utepe niliufungua kwa mikono yangu, na fundo lilikuwa bado na joto la vidole vya mtu.