Filimbi ya Boila

Filimbi ililia asubuhi, jua limeshapanda, na maji yamejaa.

Stambuli, fundi wa boila, alitupa jicho ubavuni mwa lile pipa kubwa la chuma, kwenye mrija wa kioo unaoonyesha maji ya ndani yamefika wapi. Yalikuwa juu, yametulia. Na filimbi ile kazi yake ni moja tu. Maji yakipungua, boya lililomo ndani linashuka, mvuke unapata njia, filimbi inalia, watu wawahi kabla boila haijapasuka ikawamaliza. Sasa inalilia nini?

"Labda kioo kimeziba," alisema Rehani, mchochea moto.

Stambuli akafungua koki ya kupimia. Yakatoka maji, wala si mvuke. Kioo kilikuwa kinasema kweli.

Hiki kilikuwa kiwanda cha katani cha Mdachi mmoja, chini ya milima ya Uluguru, upande wa Ngerengere. Zamani maji ya boila yaliletwa na punda kutoka mtoni, matope matupu. Stambuli mwenyewe ndiye aliyempeleka Bwana mlimani kumwonyesha kisima cha ukoo wa mkewe, maji meupe, hayakauki hata kiangazi. Bomba likalazwa kutoka kisimani mpaka ndani ya boila. Mkewe, Mosi, alimwambia mapema: "Kisima kile hakichotwi kwa chungu chenye masizi. Hata mtoto anajua."

"Bomba ni jipya, mke wangu, linang'aa," alijibu Stambuli, akacheka. Haya, mtu wa Bagamoyo kaoa mlimani, atafundishwa nini na mila za wakwe?

Basi filimbi ikalia siku hiyo, ikalia na siku zilizofuata. Stambuli aliifungua akaisugua kwa mchanga, akaipaka mafuta, akairudisha. Ikalia. Na nyumbani Mosi akaanza kiu. Mtungi uliokuwa ukiwatosha kutwa nzima aliumaliza peke yake kabla ya adhuhuri, na bado midomo ilikuwa ikimpasuka. Stambuli alidhani ni homa, mpaka mchana mmoja Mosi alipomletea chakula kiwandani. Filimbi ikalia. Mosi akaachia bakuli, akajishika koo, akaangukia ndoo ya Rehani na kunywa kwa pupa huku maji yakimmwagikia kifuani.

"Kila inapolia, mimi nakauka," alinong'ona. "Mume wangu, nitakufa."

Stambuli aliogopa sana, lakini bado alitaka iwe kasoro ya chuma, maana chuma anakiweza. Bwana naye alisema boya limekwama. Akaamuru moto uzimwe, boila imwagwe maji, fundi aingie ndani atazame.

Tundu la kuingilia lilikuwa jembamba, bega moja kwanza, kisha la pili. Ndani palikuwa pakavu. Alipapasa boya, likapanda na kushuka vizuri, halina kasoro yoyote. Ndipo ikamjia harufu ya udongo wa kisimani, ule udongo mbichi wa kivulini, na chuma kilichokuwa na joto mgongoni mwake kikawa baridi, na mahali fulani mbele yake, gizani, mtu akaanza kunywa maji, gubu, gubu, gubu, taratibu, kama aliyekuja kutoka mbali na hana haraka ya kuondoka, na Stambuli aligeuza shingo alitafute tundu asilione, akapapasa huku na huku asipate ila chuma, akamwita Rehani na sauti yake ikamrudia mwenyewe, na ule unywaji ukasogea mpaka karibu na sikio lake, kisha ukakoma, na sauti ya Mosi ikasema polepole, "Bado kidogo."

Rehani alimvuta kwa miguu.

"Nani aliziba tundu?" aliuliza Stambuli.

"Hakuna aliyeziba. Nilikuwa hapa hapa nakuona nyayo."

Kesho yake aliteremka Mzee Mikidadi, mjomba wa Mosi, mwenye kutambikia kisima. Stambuli akamwamkia, "Shikamoo, mjomba," na mzee akaitikia bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye boila.

"Hii inachemsha maji?"

"Ndiyo, mjomba."

"Chini pana moto?"

"Upo."

Mzee akapitisha kidole penye mlango wa moto, akamwonyesha weusi wake. "Basi hiki ni chungu. Na masizi ndiyo haya. Mkeo aliposema, ulidhani anasema bomba? Bomba ni mkono tu. Chungu chako kimo kisimani, mchana na usiku, hujakitoa."

"Kwa hiyo ni jini?"

"Nyie wa pwani mwiteni jini. Sisi tunamwita mwenyewe. Mnamchota, naye anachota. Anachota kwa mtoto wa kisima, yule uliyemuoa. Filimbi yako haidanganyi, mkwe. Maji yanapungua kweli, ila si humu. Kalikate bomba leo, jua lisizame, mimi nipande nikaombe radhi."

Rahisi kusema. Kukata bomba la Mdachi ni hamsa ishirini za kiboko na mnyororo juu yake. Kutoroka na Mosi? Stesheni ina askari, na mgonjwa habebeki mlimani. Stambuli alishawahi kulazwa kifudifudi kwenye kazi ya reli, na mgongo wake haukusahau. Basi akaenda kuomba ruhusa.

Bwana hakumsikiliza hata nusu. "Filimbi inakusumbua? Itoe. Ziba tundu lake. Kazi iendelee."

Stambuli alisimama na spana mkononi, huku bomba, huku filimbi. Akajiambia: leo filimbi, kesho bomba, nitamwendea tena nimbembeleze. Woga ni bingwa wa kuahirisha. Akaifungua filimbi, akakaza parafujo nene penye tundu, Rehani akawasha moto.

Kimya. Mashine zikala mkonge mpaka alasiri bila mlio hata mmoja. Stambuli akaanza kuamini. Pengine mwenyewe kaondoka, alifikiri, na akatembea kwenda nyumbani kambini karibu aimbe.

Mosi alikuwa amekaa mlangoni, mtungi mtupu katikati ya miguu. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imekunjana na kuparara. Alipomwona mumewe aliinua mkono, kama anayeomba maji, na ile harufu ya udongo mbichi ikatoka ndani ya nyumba.

"Sema, mke wangu. Nikuletee nini?"

Mosi akafungua kinywa. Ikalia filimbi.

Kule kiwandani Rehani aliisikia, akaangusha koleo, akakimbilia kwenye kioo kutazama maji. Yalikuwa yamejaa.