Fimbo ya Bugalama

Mpakani Tunduma siku ya mnada hakuna adabu. Malori yamejipanga mpaka macho yachoke, wabadilisha kwacha za Zambia wanakuita shemeji hata kama hujaolewa, na bodaboda inakupitia ubavuni bila hodi. Bodaboda moja ndiyo iliyompiga kikumbo Jenista, robota lake la vitenge likatoka kichwani na kutua kwenye tope.

Kijana mrefu, shati jeupe lililonyooshwa pasi, aliliinua na kulifuta kwa kiganja.

"Mzigo wa mikono miwili unaubeba kwa mmoja," alisema. "Wa pili umemwekea nani?"

"Umepumzika."

"Basi ukichoka kupumzika, niite. Mimi Bugalama, wa Ndalambo."

Jenista alijikuta anacheka. Lakini mkono wake wa kushoto haukuwa umepumzika. Osea, mume ambaye Jenista alimkimbia, aliuvunja siku mkewe alipoukinga ili fimbo isimfikie kichwani, kisha akamkataza kwenda hospitali watu wasije wakajua. Mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo mkono haukuinuka kupita bega.

Walipeana namba, na simu zikaanza. Bugalama alipiga kila jioni akiwa amesimama juu ya kichuguu, maana huko kwao mtandao ulipatikana hapo tu. Yeye alimwita Mama Vitenge, naye akamwita Baba Kichuguu. Aliposema anataka kumuoa, Jenista alimwambia aje Jumapili ale chakula, wazungumze. Alimpenda, na aliogopa kwamba anampenda, kwa sababu hata Osea alianza kwa maneno matamu.

Jumapili alipika wali na kuku, akavaa gauni la kitenge la mikono mirefu. Mara mlango ukagongwa, ngo, ngo, kwa kitu kigumu. Akachungulia dirishani. Bugalama alikuwa na kofia pana, makubazi ya tairi, na fimbo iliyopakwa mafuta ikang'aa. Alikuwa akigonga kwa ncha yake.

Bugalama alikuwa Msukuma mfugaji, na kwao mwanamume mwenye ng'ombe haendi ugenini bila fimbo. Ni heshima, kama tai kwa mwalimu. Jenista, mtoto wa milima ya Mbebe, hakulijua hilo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alisukuma komeo, akachuchumaa nyuma ya kitanda, mkono mbovu ameukumbatia, mpaka nyayo zilipoondoka.

Jioni simu iliita. "Kama umenidharau kwa sababu nanuka ng'ombe, ungesema tu," alisema Bugalama. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Jenista zaidi. Akakata simu bila kujibu.

Hakupigiwa tena. Alikuwa akiitazama simu mpaka akawa anawapimia wateja kitenge pungufu, na Happy, Msukuma aliyeuza naye kwenye meza moja, akambana amweleze. Alipoeleza, Happy alitikisa kichwa.

"Fimbo? Baba yangu huenda nayo hata kanisani, na hajawahi kumgusa mama. Mwambie huyo mtu. Atajuaje usilomwambia?"

Jenista akapiga, akasema yote: Osea, fimbo, mfupa. Kabla hajajibiwa, simu ikakatika. Alipopiga tena hakupatikana. Basi ameondoka, aliwaza, nani anataka mke aliyevunjwa na mwenzake. Usiku ule hakulala.

Siku ya mnada Bugalama alisimama mbele ya meza, mikono mitupu.

"Mbona ulikata?" aliuliza Jenista.

"Nilishuka kichuguu bila kujua. Miguu ilinianzisha safari."

"Na fimbo?"

"Nimemwachia kaka. Wenzangu wamenicheka mpaka stendi."

Akanyoosha mkono ghafla kulizuia robota lililotaka kuanguka, na Jenista akajikinga kichwa. Bugalama akauacha mkono hewani palepale, hakuusogeza mbele wala nyuma, watu wakimsukuma huku na huku.

"Nitasubiri," alisema.

Jenista aliutazama kwa muda. Kisha akaushika, akaushusha mwenyewe mpaka juu ya mfupa wake uliopinda.

"Hapa."

"Panauma?"

"Baridi ikija." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Bado naogopa, Bugalama. Lakini nenda Mbebe ukamwone baba. Na mkono usiuondoe kwanza."