Mwanga Mweupe Juu ya Shati la Shija

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Minza alifungua kabati la ukumbini ili achukue koti lake la kazini, utinuru ukawaka kama kila asubuhi, na mwanga uliokuwa juu ya shati la kaka yake ulikuwa mweupe.

Alibaki ameshika mlango wa kabati. Kwa hesabu yake, mwanga ule ulipaswa uwe umegeuka njano.

Minza aliijua njano ile kuliko mtu mwingine yeyote mjini Shinyanga, kwa sababu yeye ndiye aliyebuni utinuru. Zamani ndani ya kabati kulikuwa na bomba tupu la chuma la kutundikia nguo, na mtu alipapasa gizani akatoka na blauzi ya dada yake. Minza alilichukua bomba lile, akalichonga mfereji upande wa chini, akalaza humo uzi wa mwanga mwembamba kama unyasi. Ukitundika henga, utinuru unahisi uzito wa nguo, joto lake na unyevu wa jasho lililobaki ndani yake, kisha unawasha kipande cha mwanga juu ya nguo hiyo peke yake. Mweupe maana yake nguo imevaliwa karibuni. Njano maana yake nguo imelala, haijavaliwa msimu mzima. Kulikuwa na rangi ya tatu, ya kijani, ila nyumbani kwao haikuwahi kuwaka.

Watu waliupenda. Walifungua makabati yao hata wakati hawakuhitaji nguo, ili tu waone mwanga ukitiririka juu ya henga. Kisha mdudu akaimaliza pamba ya mikoa yote, na Baraza la Mji likatunga Sheria ya Uzi: nguo iliyolala si mali ya mtu tena, irudishwe kiwandani ifumuliwe, uzi wake umvishe mwingine. Utinuru ukaunganishwa na mitambo ya mji. Kitu kilichotengenezwa ili watu waone nguo zao kikawa kinawaonyesha wengine nguo za watu.

Shija, kaka yake Minza, alikuwa fundi wa kuunganisha vyuma kwenye Gati la Anga, kituo kinachozunguka juu ya dunia ambako vyombo vya kwenda mwezini hujaza mafuta. Mawasiliano na upande wake wa gati yalikatika kabla ya mvua za mwaka uliopita. Kampuni ilileta taarifa fupi: hajulikani alipo. Haikusema amekufa, wala haikusema yu hai. Tangu hapo nguo zake zikawa zinageuka njano moja baada ya nyingine, na roboti la mji likaja kuzichukua. Ilianza suruali, likafuata koti, zikaenda fulana. Lilibaki shati moja la drafti za buluu.

Minza aligusa kiwiko cha shati. Kilikuwa na mikunjo mipya.

"Mama," aliita, "kuna mtu kagusa shati la Shija?"

Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Shija, alikuwa jikoni akikoroga uji. "Nani aguse? Panya?"

"Taa ni nyeupe."

"Taa ni yako, mwanangu. Waulize wenzako huko mnakozitengeneza. Nenda, utachelewa."

Minza alitazama sufuria. Uji ulikuwa mwingi mno kwa watu wawili.

Njiani aliyaweka mambo pamoja, na yalikubali kukaa pamoja kwa urahisi uliomtisha. Siku hizi mama alimhimiza atoke mapema. Mlango wa uani, ambao zamani ulikuwa wazi mchana kutwa, ulikuwa unafungwa kwa komeo. Kuna jioni Minza aliporudi alisikia mama anazungumza chini chini huko nyuma, na alipobisha, mazungumzo yalikoma. Tena kulikuwa na habari iliyozunguka mtaani ikisemwa kwa kunong'ona, kwamba baadhi ya mafundi wa Gati wamevunja mkataba, wameshuka duniani ndani ya makontena ya mizigo, na mama zao wanawaficha juu ya dari. Waliokamatwa walirudishwa juu.

Je, kama Shija yuko nyumbani? Na kama yuko, kwa nini mama afiche hata kwake? Jibu alilipata kabla hajafika kazini, na lilimuuma. Mama alimficha yeye siri hiyo kwa sababu yeye ndiye mwenye utinuru.

Karakana walikotengeneza utinuru ilikuwa na meza ndefu ya majaribio na ukuta mzima wa kioo ulioonyesha hali ya makabati ya mji. Msimamizi wao, Mhandisi Lugembe, alikuwa amesimama mbele ya kioo, kikombe cha chai mkononi.

"Minza, kwenu kumepata mwanamume?"

"Hapana."

"Shati la kiume linatoka jasho kila siku ya Mungu. Unaolewa kimya kimya ili tusile pilau?"

"Labda anachumbiwa na kabati," alisema fundi mmoja, na meza nzima ikacheka.

Minza alitabasamu kwa kuinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa kujibu mambo baadaye, akiwa peke yake, tena vizuri sana.

Lugembe alisogea karibu, na sauti yake ikapoteza mzaha. "Sikiliza, binti. Mimi sina ugomvi na kwenu. Ila kioo hiki hakitazamwi na mimi peke yangu. Mpokeaji anapita mtaa wenu leo mchana, na tumemfungia pua mpya. Zamani alijua tu kama kuna jasho. Sasa anajua jasho ni la nani. Kama utinuru wenu una hitilafu, atagundua. Kama hauna, atagundua pia."

"Ni hitilafu," Minza alisema.

"Naomba iwe hivyo. Maana wewe ndiye uliyetuambia haukosei."

Mpokeaji lilikuwa ndilo roboti la kukusanya nguo. Lilitembea kwa magurudumu laini, lilikuwa na mikono mirefu na tumbo pana kama tenga, na watoto walilibandika jina la Mzee Kapu. Liliwaamkia watu wazima kwa adabu kisha likaondoka na nguo zao. Minza aliwaza pua ile mpya ikinusa dari ya nyumba yao. Aliaga kwamba anaumwa, akatoka.

Alitembea haraka. Hata hivyo, penye kona ya sokoni miguu ilisimama, mkono ukatoa malipo, na alipoendelea na safari alikuwa amebeba mfuko wa miwa iliyomenywa na kukatwa vipande. Hakujiuliza kwa nini.

Hakupita mlango wa mbele. Alizunguka nyuma ya nyumba, akapenyeza vidole katika upenyo wa mlango wa uani, akalisukuma komeo hadi likaachia. Alikuwa ameshaandaa cha kusema: ondoka sasa hivi, kaka, wanakuja, pita kwa mjomba.

Mama alikuwa amekaa peke yake juani, juu ya kigoda, ungo wa karanga mapajani. Alikuwa amevaa shati la drafti za buluu. Lilimfika karibu na magoti, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko, na mgongoni jasho lilikuwa limechora alama kubwa. Mbele yake, kivulini, palikuwa na kigoda cha pili ambacho hakikuwa na mtu, na juu yake bakuli la uji lililofunikwa.

"Umerudi mapema," mama alisema. Hakuinuka.

"Shija yuko wapi?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa hilo?"

Minza alitazama dari ya choo, akatazama nyuma ya pipa la maji, akaingia jikoni akatoka. Mama alimwacha atafute. Alipomaliza, alirudi akasimama mbele ya ungo.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi. Taa yako inataka jasho, basi naipa jasho. Ukiondoka nalivaa, nakaa juani, nabangua karanga. Likishalowa nalirudisha kwenye henga. Wakachukue za wengine."

"Na uji?"

Mama alilitazama bakuli. "Uji ni uji tu. Mtu ukipika huwezi kukisia." Akaendelea kubangua, kisha akauliza bila kuinua macho, "Umebeba nini?"

"Miwa."

"Mimi sina meno ya miwa."

"Najua."

"Na wewe huli miwa tangu utotoni. Umemnunulia nani?"

Minza aliuweka mfuko juu ya kigoda kile, kando ya bakuli. Wote wawili wakavitazama vitu hivyo viwili vimekaa pamoja kivulini, na kwa muda hakuna aliyemshuku mwenzake.

"Mzee Kapu anakuja," Minza alisema hatimaye. "Ana pua mpya, mama. Atajua kwamba jasho ni lako. Atasema mwenye shati halivai, na atalichukua leo hii."

Vidole vya mama vilisimama ndani ya karanga.

"Kuna rangi ya tatu," Minza aliendelea, sauti ikishuka. "Inaitwa..."

"Ya kijani. Naijua. Si uliichora kwenye meza yangu ya chakula, ukanimwagia rangi kwenye kitambaa?"

"Nguo ikiwa ya kijani hawaigusi. Ni ya urithi. Hata Baraza haliwezi."

"Naijua, nimekwambia. Na najua inavyowashwa."

Minza naye alijua. Wakubwa wa karakana walitaka utinuru usome wenyewe taarifa za vifo kutoka mjini, na ubadilishe rangi bila kumsumbua mtu. Minza, ambaye hakuwa na kawaida ya kukataa kitu, siku ile alikataa. Aliwaambia nguo za marehemu hugawanywa na ndugu matanga yakimalizika, na anayetamka kuwa mtu ameondoka ni ndugu, si chombo. Basi waliuweka utinuru usikilize. Mtu wa nyumba husimama mbele ya kabati, akashika nguo, akasema ni ya marehemu nani, na mwanga hugeuka kijani. Alidhani anawafanyia watu heshima. Hakufikiria nyumba kama yao, ambayo haikupata kilio, haikupata kaburi, na ambayo mjomba alikuwa akipiga simu kuuliza lini watamaliza matanga ambayo hawajayaanza.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Nikuambie nini? Kwamba ili nibaki na shati lake lazima nimzike? Nikisema lile neno, mwanangu, atakuwa amekufa kwa mdomo wangu. Akija kugonga hapo mlangoni nitamwambia nini? Nilikuuza kwa shati?" Mama alijifuta uso kwa mkono wa shati, kisha akauangalia ule mkono kama aliyefanya kosa. "Na nisiposema, wanalichukua, wanalifumua, analivaa mtoto wa mtu Kahama huko. Nachagua lipi? Niambie wewe uliyesoma."

Kengele ya mlango wa mbele ililia kidogo, kwa adabu.

"Shikamoo mama," sauti laini ilisema kutoka nje. "Mimi ni Mpokeaji. Naomba kutazama kabati."

"Marahaba," mama alijibu kwa sauti kubwa, "ingawa hukuzaliwa." Kisha, kwa Minza tu: "Nivue. Vifungo vya chini vimenishinda."

Minza alipiga magoti akavifungua. Mama alibaki na gauni lake la ndani na kanga, akaonekana mdogo kuliko alivyokuwa. Walipita ukumbini pamoja. Mama alifungua kabati, utinuru ukawaka, akalivisha shati kwenye henga na kulitundika. Alinyoosha kola. Alitaka kufunga kifungo cha juu, akakumbuka kwamba Shija hakuwa anakifunga, akakiacha. Mwanga mweupe ukatua juu ya drafti za buluu, mkali, kama kwamba mwenye shati amelivua sasa hivi na yumo bafuni anaoga.

Kupitia kioo cha mlango waliliona roboti limesimama, mikono yake mirefu imeshushwa, linasubiri kufunguliwa.

"Mimi siwezi," mama alisema. "Nimejaribu asubuhi nyingi ulipokuwa umelala. Mdomo unafunguka, hakitoki kitu." Akaushika mkono wa binti yake, akauweka juu ya mkono wa shati, na wa kwake akauondoa. "Ninyi mmenyonya ziwa moja. Sema wewe. Wakiniuliza, nitasema sikuwepo."

Akageuka, akatembea hadi jikoni, akafungua bomba la maji, maji yakawa yanamwagika kwenye sinki bila chombo.

Kitambaa kilikuwa bado na joto. Minza alilijua joto hilo ni la nani, na hata hivyo vidole vyake vilikuwa vinalibishia. Alikumbuka siku mawasiliano yalipokatika. Watu wote walisema tusubiri, naye aliitikia, tusubiri, huku ndani yake neno jingine likiwa limeshakaa tayari, limekaa tangu siku ile ya kwanza, na hakuwahi kumwambia mama wala kuliruhusu limfikie ulimini. Asubuhi ya leo, kwa ajili ya mwanga alioutengeneza mwenyewe, alilisahau, akanunua miwa.

Aliinua uso kuelekea kwenye utinuru. Kazini walimwomba kila siku apaze sauti. Sasa aliipaza, ikapita ukumbini, ikapita juu ya mlio wa maji, na hata lile roboti mlangoni likainua kichwa.

"Shati hili," Minza alisema, "ni la marehemu kaka yangu, Shija."