Lindo la Lango la Nyuma

Haya yalimpata mdogo wangu, Donatus, tuliyezaliwa naye tumbo moja. Ilikuwa mwaka 1981. Sikusimuliwa na mtu, nilikuwapo. Tuliyekuwa naye siku ile, Shaaban, bado anaishi hapa Nyasubi, Kahama, ila ukimgusia habari hii atainuka akuache umekaa peke yako.

Donatus alikuwa wa kwanza kijijini kwetu Didia kupata digrii. Siku aliporudi kutoka Dar es Salaam, baba alichinja dume, na wazee wakakaa wakisubiri kusikia kama kijana atakuwa bwana shauri au mwalimu mkuu. Akasema atakuwa askari. Tena si askari wa kukimbizana na wezi wa ng'ombe, bali polisi msaidizi wa chuo, wa kulinda wanafunzi na mabweni yao.

"Umesoma miaka yote hiyo ukalinde geti?" baba akauliza.

Donatus akacheka. "Baba, nyumba yenye watoto wengi ndiyo inayotaka mlinzi mwenye akili."

Na kazi aliipenda kweli. Alianzia pale pale chuoni alikosoma. Wanafunzi walipogombana aliwakalisha chini wakazungumza, wenzake wakiwa tayari wameshika virungu. Akapanda cheo upesi. Hakuwa na majivuno. Saluti ya mtu yeyote aliirudisha, hata ya mfagiaji, na salamu ya mtoto aliiitikia mpaka mwisho. Mkewe Mwahija, binti wa hapa hapa Nyasubi, alizoea kumtania kwamba hata mbuzi akiinua mguu, Donatus ataitikia.

Mwaka huo wa 1981 wakamhamishia chuo kimoja upande wa Geita, awe mkuu wa ulinzi. Jina la chuo sitalitaja, kina wanafunzi hadi leo. Kilianzishwa kwenye majengo ya mgodi wa dhahabu ambao Wazungu waliufunga wakaondoka. Mabweni yalijengwa mapya, lakini bohari, ofisi ya walinzi na lango la nyuma vilikuwa vile vile vya mgodi. Mwahija alikuwa mjamzito, kwa hiyo tukakubaliana abaki Nyasubi kwao mpaka ajifungue. Donatus angekuja kila mwisho wa juma.

Mwanzoni alikuja. Kisha likizo ndefu ikaanza, wanafunzi wakatawanyika makwao, na Donatus hakuonekana tena. Madereva wa malori waliopita kule walituletea jibu lile lile kila mara: "Anasema yuko zamu."

Mwahija akashikwa uchungu. Ukapita mchana, ukapita usiku, mtoto hajashuka. Mkunga akasema apelekwe hospitali. Mwahija akanishika kanga.

"Wifi," akaniambia, sauti imekauka, "nileteeni mume wangu. Nisife sijamwona."

Kaka yake, Shaaban, alikuwa dereva wa lori la Bedford la kubebea mpunga. Hatukungoja chai. Ndugu zake wengine wakampeleka mgonjwa hospitali, mimi na Shaaban tukashika njia ya Geita.

Tulifika jua likiwa utosini. Geti la mbele lilikuwa wazi kabisa. Askari wawili wa chuo walikuwa wamekaa ng'ambo ya barabara, nje, wamelipa geti mgongo.

"Mkuu wenu yuko wapi?" Shaaban akawauliza.

Mmoja akajibu bila kugeuka. "Yumo."

"Mbona nyie mko nje?"

Aliendelea kuchora chini kwa kijiti.

Tukaingia. Donatus alikuwa amesimama karibu na mlingoti wa bendera. Sare imenyooka, kofia imekaa sawa. Lakini mwili! Shingo ilikuwa imeingia ndani ya kola kama mchi kwenye kinu. Midomo imepasuka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Dona, mkeo yuko kwenye uchungu tangu jana. Panda gari."

Machozi yakamtoka. Hakuyafuta. "Siwezi kutoka, dada."

"Nani kakuzuia?" Shaaban akafoka. "Dada yangu anakufa, wewe unalinda majengo matupu?" Akamkamata mkono, akamsukuma ndani ya kebini ya lori. Donatus hakushindana naye. Alikaa katikati yetu, amenyooka kama ubao, maana magoti yake hayakukunjika vizuri. Niliushika mkono wake. Ulikuwa wa baridi, katika jua lile.

Shaaban akaondoa gari. Tukalifikia geti. Tukalipita.

Mkono wangu ukajifumba wenyewe.

Nikatazama. Kati yangu na Shaaban hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa bado kimebonyea.

Shaaban akafunga breki. Tukageuka wote wawili. Donatus alikuwa kwenye mlingoti, pale pale tulipomkuta. Anatutazama. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa wazi kidogo, kama mtu aliyeshikwa mkono.

Shaaban ni mbishi. Alirudi, akachukua kamba ya kufungia magunia, akamfunga Donatus kiunoni, ncha nyingine akajifunga mwenyewe. Akatembea akimvuta kuelekea nje. Mimi nilikuwa nyuma yao. Sikupepesa jicho. Na bado sikuona ilikuwaje. Shaaban alivuka. Kamba ikaanguka chini. Fundo halikuwa limefunguka.

Donatus alikuwa kwenye mlingoti.

Tulikaa chini mbele yake. Yeye alibaki amesimama. Alitueleza kwa sauti ndogo, akitazama upande wa lango la nyuma.

"Ilikuwa siku ya pili ya likizo, mchana kama huu. Nilikwenda kukagua lango la nyuma. Nikamkuta askari nisiyemjua. Mtu mzima, kaptula ndefu, kofia nyekundu ya enzi za Wazungu. Nikadhani ni mlinzi wa kijiji. Akanipigia saluti, akasema, 'Lindo ni salama, afande. Nakukabidhi.' Nikairudisha saluti. Nikasema, 'Nimepokea.'"

Akalionyesha lango kwa kidevu.

"Alilia, dada. Mtu mzima yule alilia kama amefunguliwa pingu. Akalipita lango anakimbia. Pale kwenye ua wa minyaa, akapungua. Alipungua kama moshi. Jioni nikataka kwenda barabarani kununua sabuni. Nikatembea, nikatembea. Nilipoinua macho, nilikuwa hapa."

"Umejaribu mara ngapi?" nikanong'ona.

"Sihesabu tena. Nimepita kwenye waya, nimepita kwenye minyaa, nimeruka ukuta. Nikitoka nimeingia. Njaa haiji. Usingizi hauji. Nikilala chini najikuta nimesimama. Na wenzangu kila wakinisogelea..." Akautazama mkono wake wa kulia. "Wakinisogelea, mkono wangu unaanza kupanda."

Nilimwelewa. Shaaban naye alimwelewa, nikaona kwenye uso wake. Akainuka taratibu, akajipangusa vumbi. Akasogea akasimama mbele ya shemeji yake, karibu kabisa.

"Nikabidhi mimi," akanong'ona.

"Shaaban!" nikasema.

"Tulia, Mama Limi," akaniambia. "Aende akamwone mkewe. Mimi sina mke, sina mtoto. Kesho nitamkabidhi hata mlevi atakayepita."

Upepo ulikuwa umekufa. Hata nzi sikuwasikia. Nikauona mkono wa kulia wa mdogo wangu ukipanda. Si yeye aliyekuwa akiupandisha. Bega lilikuwa likiukataa, misuli ya shingo imesimama, na mkono unapanda tu, mpaka vidole vikagusa ukingo wa kofia. Mdomo ukafunguka.

"Lindo..." akasema. Haikuwa sauti yake.

Shaaban akainua mkono wake kuirudisha saluti.

Donatus akaung'ata ulimi. Nilisikia meno yakikutana. Damu ikamchuruzika kidevuni, ikadondokea vifungo vya sare. Kwa mkono wa kushoto aliushika ule wa kulia, akaushusha kama mtu anayemlaza chini ng'ombe mkaidi.

"Nikimpa yeye," akanieleza, maneno yakitoka na damu, "yeye atampa nani? Likizo inaisha. Hapa watakuja watoto mia tatu, dada. Watoto wenye adabu, wa kuitikia kila salamu. Mwondoe Shaaban. Waambie askari walifunge geti la mbele."

"Na Mwahija je?"

Alitikisa kichwa tu, akageuka, akaanza kutembea kuelekea lango la nyuma. Nilimkumbatia Shaaban kiunoni nikamvuta kwa nguvu zangu zote, analia, anamtukana, ananitukana na mimi. Sikuangalia nyuma. Tulipolipita geti, wale askari wawili walikwisha kuondoka. Pale alipokuwa akichora yule mmoja, ardhi yote ilikuwa imejaa picha za mkono uliopiga saluti.

Tulifika hospitali ya Kahama jua likizama. Mwahija alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kiume. Alitazama mlangoni nyuma yetu, akangoja. Kisha akageukia ukutani.

Baba alikuja kutoka Didia. Tukarudi kule chuoni na mganga, tukarudi tena na padri. Milango ilikuwa wazi, vyumba vimefagiwa, mtu hakuna. Lango la nyuma tulilikuta limezibwa kwa mawe kutoka chini hadi juu. Yalikuwa mawe ya mgodi, makubwa, ambayo mtu mmoja hawezi kuyainua. Yalikuwa yamepangwa kutoka ndani, na juu ya kila jiwe palikuwa na damu iliyokauka. Wanafunzi walirudi wakaendelea na masomo. Sijasikia kwamba yeyote amepatwa na jambo. Chuo kiliandika kwamba mkuu wa ulinzi ametoroka kazini.

Baba alikufa akiamini digrii ndiyo iliyomuua mwanawe. Mimi siamini hivyo. Nilimwona akifanya kazi yake.

Mwaka uliofuata, wakati wa likizo ile ile, Mwahija aliniita kwake mchana. Alikuwa amefagia uwanja muda si mrefu, mistari ya ufagio ilionekana. Juu yake zilikuwa nyayo za mtu mzima, miguu mitupu, zimeizunguka nyumba mzunguko mmoja. Hazikutoka barabarani. Hazikwenda popote. Kwenye mguu wa kushoto, kidole gumba kilikuwa kimepinda nje.

"Ni mguu wa mume wangu," Mwahija akaniambia. Hakuogopa. Alifurahi, maskini. Tangu hapo kila likizo zikawa zinakuja, mzunguko ule ule, na yeye akawa hafagii mpaka jua litue.

Mtoto sasa ana miaka sita. Ni mpole, anaamkia kila apitaye.

Juzi nyayo hazikuizunguka nyumba. Zilikuwa mlangoni. Jozi moja tu, zimezama sana mchangani, visigino vimegusana kama vya askari anayepiga saluti, vidole vikielekea ndani.