Glavu Kwenye Kamba ya Nguo

Palikuwa na mshonaji mmoja ambaye hakuwa mtu wa kutupa kitu. Vipande vya kitambaa alijazia mito. Vifungo vya nguo kuukuu alivitunza kwenye kopo. Mumewe alizoea kumtania, "Mke wangu akikohoa, hata kikohozi anakiweka akiba."

Baba mkwe wake alikuwa na kidonda mguuni. Mshonaji ndiye aliyekisafisha kila asubuhi kabla ya kukaa kwenye cherehani. Kliniki walimpa glavu nyembamba za kuvaa mara moja na kutupa. Kutupa? Roho yake ilikataa kabisa. Akimaliza kufunga bandeji, alizipaka sanitaiza, ile dawa ya mikono yenye spiriti. Alisugua kila kidole, kisha akazianika kwenye kamba ya nguo. Kesho yake alizivaa tena, na akajiona mjanja kweli.

Siku moja sindano ilimchoma kidole cha shahada. Mshonaji gani hajachomwa? Alikinyonya, akaendelea na kazi, na kesho yake akasafisha kidonda cha mzee kwa glavu zile zile. Lakini safari hii, baada ya siku mbili tatu, kidole kilivimba na kupwita, hata kushika mkasi ikawa taabu.

"Kitapoa tu, baba," alimwambia mzee.

"Hicho ndicho kinachotulisha, mwanangu. Usikipuuze."

Alasiri ile jirani yao, ambaye ni nesi, alikuja kumjulia hali mzee. Alipopita uani alisimama ghafla.

"Shoga, hizi glavu zinafanya nini hapa kati ya soksi?"

"Zinakauka. Nimezipaka sanitaiza, vijidudu vimekwisha."

"Halafu unazivaa tena?"

"Si nzima hizo? Zitazame mwenyewe."

Nesi hakubishana. Alichukua glavu moja, akaijaza maji, akaibana mdomo na kuiminya taratibu. Glavu ikavimba. Tone likachungulia kwenye ncha ya kidole cha shahada, likadondoka. Likafuata jingine. Kisha kidole gumba nacho kikaanza kuvuja.

Mshonaji alipigwa na butwaa. Aliitazama glavu, akakitazama kidole chake kilichovimba, naye nesi akakiona.

"Lakini sikuona tundu lolote," alisema kwa sauti ndogo.

"Huwezi kuliona. Sanitaiza ni ya ngozi, si ya glavu. Spiriti inaweza kuzidhoofisha glavu nyembamba kama hizi. Ukizivuta tena na tena, zinatoboka. Uchafu wa kidonda unapenya hadi kwenye jeraha lako. Na vijidudu vya jana unaweza kumrudishia mzee."

"Yaani baba nimekuwa nikimtia uchafu kwa mikono yangu?"

Aliketi juu ya ndoo. Hakuwahi kuona aibu namna ile.

Nesi alimshika mkono. Mstari mwekundu ulikuwa umeanza kutambaa kutoka kwenye kidole kuelekea kiganjani. "Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda kliniki sasa hivi."

Huko walimkamua usaha na kumpa dawa. Daktari alimwambia kwamba angechelewa zaidi, huenda angekatwa kidole. Njia nzima ya kurudi, nesi akawa anamweleza polepole.

"Nawa mikono kwanza. Vaa glavu mpya. Ukimaliza kidonda, zivue kwa kuzigeuza ndani nje, zitupe kwenye pipa lenye kifuniko, kisha nawa tena kwa sabuni. Kama hakuna maji, na mikono haina uchafu unaoonekana, hapo sasa paka sanitaiza, kwenye ngozi tupu. Glavu zikiisha, njoo uombe. Hakuna atakayekucheka."

Kidole kilipona. Mguu wa mzee nao ulianza kukauka. Asubuhi moja mshonaji alimaliza kufunga bandeji, akavua glavu, lakini mkono wake ukaganda juu ya pipa. Mazoea yana taabu.

Mzee alimtazama. "Mwanangu, unaziaga?"

Mshonaji alicheka, akaziachia. Alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha vizuri. Kisha aliketi kwenye cherehani, akashika uzi kwa kidole kile kile, na ukaingia kwenye tundu la sindano mara ya kwanza.